Drili ya Betri: Hesabu Ianzie Kwenye Betri

Anayekwenda Kariakoo kutafuta drili ya betri kwa ajili ya kazi ndogondogo za nyumbani hukutana kwanza na namba za volti. Boksi moja limeandikwa 18V, la pili 20V, la tatu 21V, na kando yao lipo la bei ya chini kuliko yote, lenye maandishi makubwa ya 48V au hata 128V. Ni rahisi kuzipanga namba hizo kama madaraja na kudhani kwamba ya juu ndiyo yenye nguvu. Lakini mashine zote nne zinaweza kuwa na betri ya muundo mmoja. Seli moja ya lithiamu hutoa wastani wa volti 3.6 ikiwa kazini, na hufikia takriban 4.2 ikitoka kwenye chaja. Ukiunga seli tano mfululizo, wastani wake ni volti 18 na kilele chake ni 21. Hiyo 20 ni betri ile ile ikipimwa imejaa na haijaanza kubeba mzigo. Ndiyo sababu DeWalt huuza betri zake za seli tano Marekani kwa jina la 20V Max, na Ulaya zinaitwa 18V. Hizo 48 na 128, kwa upande wake, mara nyingi hufuatwa na herufi VF, na VF si kipimo cha volti wala cha kitu kingine chochote kinachotambulika katika umeme. Ni namba ya kuuzia. Ndani ya betri hizo kwa kawaida mna seli tano zile zile, na wakati mwingine hazifiki tano.

Kwa nini 18 na si 15 au 25? Jibu limo katika historia ya betri zenyewe. Black & Decker walitoa drili isiyo na waya mwaka 1961, ikitumia betri za nikeli na kadimiamu, ambazo kila seli yake ina volti 1.2 tu. Mwaka 1978 Makita walikuwa na drili ya volti 7.2, yaani seli sita. Kadiri mafundi walivyodai nguvu zaidi, seli ziliongezwa hadi kumi na tano, nazo zikatoa volti 18 pamoja na uzito wa kuchosha mkono. Sony waliingiza betri ya lithiamu sokoni mwaka 1991, lakini ilichukua hadi mwaka 2005 hivi kwa kampuni kama Milwaukee na Makita kuitia kwenye mashine za kazi nzito. Seli tano za lithiamu zikachukua nafasi ya kumi na tano za zamani bila kubadili volti. Katika mabadiliko hayo yote, gia na kishikio cha biti havikubadilika sana. Kilichoifanya drili iwe ya manufaa ni betri. Kampuni zililitambua hilo mapema kuliko wanunuzi, kila moja ikachonga umbo lake la betri ili isiingie kwenye mashine ya mwenzake. Hata kwa Bosch, yenye mashine za bluu za mafundi na za kijani za nyumbani, betri ya 18V ya upande mmoja haiingii upande wa pili. Kwa hiyo siku unapolipia drili ya kwanza, unakuwa umeshachagua betri, chaja na familia ya mashine zitakazofuata, na uamuzi huo ndio unaostahili kufikiriwa kuliko drili yenyewe.

Tukishakubali kwamba kinachonunuliwa ni betri, basi ipimwe kama betri. Kipimo chake halisi ni wati-saa, na hupatikana kwa kuzidisha volti za wastani kwa ampea-saa zilizoandikwa ubavuni. Betri ya 18V yenye 2Ah ina wati-saa 36. Yenye 5Ah ina 90. Sasa weka namba hizo mbele ya kazi. Kukaza skrubu au kutoboa ubao ni kazi ya sekunde chache kisha mapumziko, hivyo wati-saa 36 zinatosha kufunga kabati zima na ziada ikabaki. Grinda ya kukatia chuma ni habari nyingine. Ikila wati 700 mfululizo, betri ya wati-saa 90 inaisha ndani ya dakika nane hata bila kuhesabu nishati inayopotea kama joto. Mtu anayetaka kukata nondo za geti zima atakata kidogo, atasubiri chaja, kisha atarudi kukata tena. Hapa ndipo shauku ya kuondoa waya kila mahali inapogongana na hesabu. Nyumba moja inahitaji drili ya betri kwa sababu kazi yake ni ya vipande vipande na hufanyika juu ya ngazi, darini na uwanjani. Grinda, msumeno wa mviringo na mashine ya kupigia msasa zibaki na waya, isipokuwa kwa mtu ambaye kazi zake ziko mbali na soketi. Mashine ya waya haizeeki kabatini, na kwa nguvu ile ile huuzwa kwa bei ndogo zaidi.

Ukuta nao una neno lake. Drili nyingi za nyumbani zina alama ya nyundo, na wauzaji husema zinatoboa zege. Ndani yake mna visahani viwili vyenye meno vinavyosuguana, kimoja kikiruka juu ya meno ya kingine, na mruko huo ndio unaogonga. Nguvu ya pigo inategemea jinsi unavyoisukuma mashine kwa mwili wako. Kwa tofali la mchanga na saruji, au ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa huko Pwani, mfumo huo unatosha. Kwenye linta au nguzo ya zege lenye nondo, biti itaunguruma, itapata moto na itapoteza makali kabla ya tundu kufika sentimita tatu. Kinachofaa hapo ni mashine ya SDS, ambayo hugonga kwa hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda, hivyo pigo linatoka kwenye mashine na si kwenye bega la mtumiaji. Mwenye nyumba yenye zege jingi atafaidika zaidi na drili ndogo ya betri isiyo na nyundo pamoja na SDS ya waya, hata ya kuazima, kuliko kulipia drili moja nzito ya betri inayodai kufanya yote.

Wapo watakaosema kwamba ikiwa betri ndiyo kiini, basi inunuliwe kubwa kabisa tangu mwanzo. Hoja hiyo ina ukweli wa kiufundi ambao si wa kupuuza. Betri ya 4Ah au 5Ah mara nyingi ina seli kumi, yaani tano mara mbili, hivyo mashine ikivuta ampea 30 kila seli hubeba 15 tu. Kwa kuwa joto hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kila seli hupata robo ya joto, na volti hazishuki ghafla. Anayetaka kuendesha grinda kwa betri hana budi kununua seli kumi. Lakini mtumiaji wa nyumbani ana adui mwingine. Lithiamu huzeeka hata ikiwa imekaa, na huzeeka haraka zaidi ikiwa imejaa na iko kwenye joto. Fundi huimaliza betri yake kwa kuitumia. Mwenye nyumba hupoteza yake kwa kuihifadhi. Betri mbili kubwa zilizojazwa na kuachwa mwaka mzima kwenye stoo ya bati, au kwenye buti la gari linaloshinda juani Dar es Salaam, zinapungua uwezo bila kutoboa hata tundu moja. Kwa drili, nunua betri moja ndogo, iache ikiwa na nusu ya chaji mahali penye ubaridi, na fedha ya ile ya pili itumike siku kazi itakapoidai.

Pingamizi zito zaidi ni la bei: kwa matundu kumi kwa mwaka, seti ya bei rahisi yenye betri mbili na biti lukuki inatosha. Ninakubaliana nalo nusu. Mota na gia za seti hizo mara nyingi zinastahimili kazi ya nyumbani vizuri. Hata mota yenye brashi za kaboni haina ubaya kwa mtumiaji wa namna hii. Mota isiyo na kaboni hutumia chaji vizuri zaidi, lakini mwenye nyumba hatamaliza kaboni zake leo wala kesho. Tatizo ni siku seli moja kati ya tano inapochoka na chaja ikakataa betri nzima. Muulize muuzaji maswali mawili: je, betri peke yake inauzwa hapa, na je, mashine tupu bila betri inauzwa hapa? Kwa Ingco na Total, ambazo zimeenea Afrika Mashariki, jibu la ndiyo hupatikana kwenye maduka mengi, na hilo lina thamani kuliko jina kubwa ambalo betri yake inaagizwa kutoka nje. Ukiambiwa betri haiuzwi peke yake, seti hiyo itakuwa taka siku betri yake itakapokufa. Adapta za kuunganisha betri ya kampuni moja na mashine ya nyingine si suluhisho la kutegemea, kwa sababu baadhi ya mifumo huweka kinga ya chaji kuisha ndani ya mashine, si ndani ya betri. Ukizichanganya, seli zinaweza kunyonywa hadi zikaharibika, na kuzichaji tena baada ya hapo ni hatari ya moto.

Kukatika kwa umeme hutajwa sana kama sababu ya kuchagua betri, nayo ni sababu nzuri, hasa kwa nyumba zenye sola. Chaja ya kawaida isiyo ya haraka huvuta wati 50 hivi, kiasi ambacho inveta ndogo inakimudu, wakati grinda ya waya ya wati 700 ingeizima papo hapo. Wanaoletewa mashine na ndugu walioko Marekani wasome kwanza kibandiko cha chaja: nyingi ni za volti 120 tu, na soketi zetu zina 230 hadi 240. Drili itakuwa nzima, lakini chaja itaungua mara ya kwanza inapochomekwa.

Kuna kipimo kimoja kinachoweza kufanyika pale pale kaunta bila kufungua kitu. Seli ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na hata zilizo bora kwa kawaida hazizidi 3.5Ah. Seli tano ni kama gramu 230, kumi ni kama 460, kabla ya kuongeza plastiki. Betri inayojiita 6Ah kwa seli hizo haina budi kuwa na kumi, hivyo pamoja na ganda lake iwe na zaidi ya nusu kilo. Zipo pia seli nene zaidi, 21700, zenye gramu kama 70 kila moja, ambazo tano zake hufikia 4Ah au 5Ah, lakini nazo zina gramu 350 kabla ya ganda. Maduka mengi ya vifaa yana mizani ya kupimia misumari. Iweke betri juu yake, na ikisoma gramu 300 huku ubavuni imeandikwa 6Ah, irudishe kwenye boksi.