Goya na Watwanga Baruti

Akitajwa Goya, wengi wetu hukumbuka mauaji ya tarehe 3 Mei, 1808, aliyoyachora mwaka 1814: mtu wa shati jeupe ameinua mikono mbele ya bunduki za askari wa Napoleon. Ni picha kubwa, hatubishi. Lakini humo mnyonge anakufa tu.

Tunawaomba makada watazame nyingine, ndogo, ya vita hivyo hivyo: utengenezaji wa baruti katika milima ya Tardienta. Fundi viatu wa Almudévar, José Mallén, aliongoza wananchi kutengeneza baruti na risasi mafichoni. Goya hakumpandisha Mallén juu ya farasi kama jemadari. Amechora migongo iliyoinama na mikono inayotwanga. Mfanyakazi huyu hasubiri kuuawa. Anazalisha, na mazao ya jasho lake ndiyo silaha ya umma.

Goya mwenyewe hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mchoraji wa ikulu, na mwaka 1811 alipewa nishani na utawala wa Joseph Bonaparte, mvamizi yule yule. Mfalme Fernando VII aliporudi mwaka 1814 aliifuta katiba ya 1812, na picha ya watwanga baruti ikaishia katika majumba ya kifalme.