Uji wa Mtama wa Sultani Darai

Mtoto wa pwani humjua punda kwa methali kabla ya kumgusa kwa mkono. Huambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke, na kabla hajapata nafasi ya kumpa punda huyo kitu cha kushukuriwa, hukumu imekwisha kupita. Mbwa hutajwa zaidi katika matusi kuliko katika sifa, na fisi hakuna anayemtetea. Ilhali sarufi ya lugha hiyo hiyo imemtendea mnyama wema mkubwa. Punda amekuja, kama vile Juma amekuja. Paka analia, kama vile mtoto analia. Ngeli ya watu ndiyo ngeli ya wanyama. Kiswahili, basi, kina ndimi mbili juu ya mnyama: kwa sarufi humpa heshima ya mtu, na kwa methali humvua. Hadithi husimama katikati ya ndimi hizo, na mtoto mdogo aliyekaa mkekani huokota ule utakaomfikia kwanza. Ndiyo maana inafaa kuuliza ni hadithi ipi humfunza mtoto kumtunza mnyama wa nyumbani, na ni ipi humtumia mnyama kisha ikamwacha njiani.

Hadithi nyingi za wanyama ni za aina hii ya pili. Sungura na Fisi na Simba ni watu waliovaa ngozi. Hila zao ni za sokoni na barazani, na mtoto anayezisikiliza hujifunza mengi juu ya majirani zake, machache mno juu ya sungura. Mfano mzuri umo katika Swahili Tales, kitabu kilichotolewa London mwaka 1870, ambamo Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, alikusanya hadithi zilizosimuliwa Unguja. Humo kimo kisa cha punda wa dobi. Punda anatoroka porini na kunenepa. Sungura anamlaghai na kumpeleka kwa simba. Punda anaponea chupuchupu, kisha analaghaiwa tena, na safari hii haponi. Sungura anakula moyo na masikio, akidai kwamba punda yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Kisa ni kitamu na mafunzo yake ni dhahiri. Lakini mwanzoni kabisa fanani amepitisha jambo jingine kwa haraka: dobi alimpenda punda wake, punda akapotea siku nyingi, hata bwana wake akamsahau. Hadithi haisimami hapo. Hakuna anayeuliza mapenzi hayo yalikuwa ya namna gani hata yakasahaulika upesi hivyo. Punda ndiye anayetoka mjinga, na dobi hatajwi tena.

Kitabu hicho hicho kina dawa ya kasoro hiyo, nayo ni kisa cha paa katika hadithi ya Sultani Darai. Masikini mmoja aliyemaliza mali yake anachakura jaani kutafuta punje za kula. Siku moja anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa anasema. Anaomba ruhusa ya kwenda kujilishia mwenyewe, kwa kuwa bwana wake hana cha kumpa, na kila jioni anarudi. Huko malishoni anaokota almasi. Anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kwa jina la bwana wake, anamposea binti wa sultani, anamvisha bwana wake nguo za kifalme, anamuua joka la vichwa saba na kumpatia nyumba yake. Kisha paa anaugua. Mke anamsihi mumewe amwangalie. Bwana anaagiza apewe uji wa mtama, akikumbusha kwamba huyu ni paa tu, aliyenunuliwa kwa thumni. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na watu wa nyumba ile wanalia isipokuwa mmoja. Mwisho wake bwana anaamka na kujikuta palepale jaani, akichakura.

Kosa la mtu huyu halina makeke. Hakumpiga paa wala hakumfungia. Alimpa chakula kisichofaa wakati wa ugonjwa, na hakwenda kumtazama. Hapo ndipo ubora wa kisa unapodhihiri, maana makosa ya mtoto kwa mnyama wake aghalabu ni ya aina hiyo hiyo: maji yaliyosahauliwa, makombo yaliyomwagwa bila kutazamwa kama yameliwa, kuku aliyejikunyata pembeni asiulizwe ana nini. Joka la vichwa saba humfurahisha mtoto, lakini bakuli la uji ndilo analolijua. Amekwisha kulipeleka bakuli kama hilo mara nyingi, na amewahi kuchoka kulipeleka.

Thumni nayo inafanya kazi kubwa kuliko almasi. Inatajwa mwanzo kama bei, na inarudi mwisho kama udhuru. Fanani hahitaji kusema kwamba bei ya mnyama si thamani yake. Msikilizaji amekwisha kuona kwamba mwenyewe bwana, siku paa alipomkuta, hakuwa na cha zaidi ya hiyo thumni moja. Na methali ya punda hapa inapinduliwa bila kutajwa. Aliyekosa shukrani ni mtu. Mnyama alirudi kila jioni.

Inafaa kukumbuka kwamba Anna Sewell alitoa Black Beauty Uingereza mwaka 1877, miaka saba baada ya kitabu cha Steere. Hadithi hiyo, inayosimuliwa na farasi mwenyewe, husifiwa kwa kuwafanya wasomaji wake wachukie hatamu fupi zilizowalazimisha farasi kuinua vichwa juu mno. Sewell alikusudia kufunza, na hakulificha kusudio lake. Fanani wa Unguja hakuwa na kampeni yoyote, na huenda kwa sababu hiyo kisa chake kimebaki chepesi: hakina ukurasa ambapo paa anageuka kuwa mwalimu.

Hata hivyo kisa cha paa kina udhaifu wake, na mhakiki hana budi kuusema. Paa anastahili kutunzwa kwa sababu ameleta almasi, mke na nyumba. Je, asingeleta kitu? Mtoto mwerevu anaweza kutoka na hesabu ya mfanyabiashara: mtunze anayekulipa. Kwa upande huu watoto wa chuoni wana kisa kingine cha kukijaliza hicho, nacho ni Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya msafiri aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu. Mtu yule alikwisha kuteremka kisimani na kunywa. Akateremka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno na kupanda. Mbwa yule hakuwa wake, na hakumpa chochote. Hadithi hizi mbili zina kisima kila moja. Katika moja mnyama anatupwa ndani yake baada ya kutumika. Katika nyingine mtu anaingia ndani yake kwa ajili ya mnyama asiye na faida kwake. Mtoto aliyezisikia zote mbili kwa jioni mbili mfululizo hahitaji sharhe ndefu.

Lakini hadithi ya pwani haijapimwa mpaka isimuliwe mbali na pwani, mbele ya watoto wanaowajua wanyama kuliko anayesimulia. Mahali pafaapo kwa kipimo hicho ni Basotu, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Huko wanaishi Wadatoga, hasa Wabarbaig, pamoja na Wairaqw, ambao asili yao ni Mbulu jirani. Kidatoga ni lugha ya Kiniloti na Kiiraqw ni ya Kikushi. Kiswahili wengi wa watoto hao hukikamilisha darasani. Wairaqw, kwa jadi, walilala na ng'ombe wao chini ya paa moja. Wadatoga wana msamiati mpana wa rangi na alama za ng'ombe. Mtoto mdogo huanza na ndama na mbuzi karibu na boma kabla ya kuaminiwa kundi. Kwake mnyama si kitu cha kuchezewa, wala haitaji hadithi imwambie kwamba ndama hulia akiwa na njaa.

Mbele ya hadhira hiyo, sehemu ya kisa ambayo pwani huipita upesi ndiyo itakayosimama: paa kuomba ruhusa ya kwenda malishoni. Msikilizaji wa mjini huiona kama kiungo cha kumfikisha paa kwenye almasi. Mtoto wa mfugaji atauliza malisho hayo yako wapi na ni ya nani. Swali hilo Basotu lina historia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hasa miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, jumla yake karibu ekari 100,000, katika ardhi waliyokuwa wakilishia Wabarbaig. Madai yao yalifika mahakamani katika miaka ya 1980. Kwa hiyo masimulizi yanayomwambia mtoto ampe mnyama chakula, yakanyamaza juu ya ardhi inakotoka chakula hicho, yatamwelea nusu tu. Kisa cha paa hakinyamazi kabisa: bwana ni masikini, lakini mbuga iko wazi, na bila mbuga hiyo hapangekuwa na almasi wala hadithi.

Watoto hao wana haki ya kudai jambo jingine, nalo ni ukweli. Huruma isiyo na maarifa inaweza kumdhuru anayehurumia. Hadithi ya mbwa mwenye kiu ikisimuliwa bila uangalifu inaweza kumtuma mtoto kwa mbwa asiyemjua. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizo ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Msimulizi mzuri anaweza kuyatia ndani ya hadithi yenyewe yale yanayookoa: mbwa wa nyumbani huchanjwa, mbwa mgeni hutazamwa kwa mbali, jeraha la meno huoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa hospitali hata kama jeraha ni dogo. Kumchanja mbwa ni sehemu ya kumpenda, kama vile kutompa paa mgonjwa uji usiomfaa.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Sheria humfikia mtu mzima, na humfikia akiwa amekwisha kukosa. Mtoto wa miaka mitano hufikiwa na bakuli la Sultani Darai, mradi msimulizi asilimwage kwa kuongeza wasia mwishoni. Akifika pale bwana anapoagiza uji, na anyamaze kidogo. Watoto wa Basotu watamwambia wenyewe mnyama mgonjwa hupewa nini, na watamwambia kwa uhakika ambao Unguja haina.

Kazi iliyobaki ni ya wafasiri. Masimulizi ya Kiiraqw aliyoyakusanya Paul Berger katika miaka ya 1930 yalichapishwa na Roland Kießling mwaka 1998, lakini kitabu hicho ni cha wataalamu wa isimu, hakikulengwa kwa mtoto wa darasa la kwanza. Kisa cha paa kipelekwe Basotu kwa Kiiraqw na kwa Kidatoga, na hadithi za ndama na za mbwa wa boma ziletwe pwani kwa Kiswahili. Punda wa dobi amengoja muda mrefu mtu wa kumuuliza dobi alikuwa wapi.