Lenzi pana na sentimita sabini za Leica

Ukisimama asubuhi Kasindi, mji wa Kongo mpakani na Uganda, mawingu hayajafunika milima ya Ruwenzori, ukielekeza huko Leica M yenye lenzi ya milimita 21, hutaona kasoro yoyote. Pete ya fokasi iko mwisho wake, dirisha na lenzi vinakubaliana. Kasoro inaanza ukigeuka na kuingia depo, wanakochambua kakao itakayovushwa kwenda Mpondwe, upande wa Uganda. Humo anayechambua yuko karibu na magoti yako. Mikono yake ndiyo picha, na nyuma yake ni magunia hadi darini.

Kamera hizi za filamu hazikuonyeshi kinachopita ndani ya lenzi. Unaangalia kwa dirisha lililo juu kushoto, na katikati yake mna picha mbili hafifu unazozizungushia pete mpaka zilale moja juu ya nyingine. Kinacholiunganisha dirisha na lenzi ni mkono mdogo wa chuma wenye gurudumu, unaosukumwa na lenzi ikienda mbele na nyuma. Kwenye miili mingi ya M kazi ya mkono huo inakoma kwenye sentimita 70. Lenzi yenyewe inaweza kuendelea: Super-Angulon ya milimita 21 iliyotoka mwaka 1958 inakwenda mpaka sentimita 40. Kwa hiyo chini ya 70 unazungusha pete, lenzi inasogea, lakini dirisha halikuambii lolote la kuaminika.

Wengi huishia hapo wakilaumu fokasi. Mimi naona fokasi ndiyo shida ndogo. Kwa f/8, ukiweka sentimita 70, vitu vya kuanzia kama nusu mita hadi mita moja na kidogo vinatoka vikali. Ni kweli depo haina mwanga wa f/8, mlango mmoja tu. Ukifungua hadi f/4 unabaki na kati ya sentimita 59 na 86 hivi, na hizo bado zinatosha mikono na uso. Ukishuka hadi sentimita 40 mambo yanabana kweli: kwa f/4 unabakiwa na kama sentimita nane. Dawa yake ni kamba iliyofungwa kwenye kamera, yenye fundo la 40 na fundo la 70. Ila kumbuka umbali huo unahesabiwa kutoka kwenye filamu, nyuma ya kamera, wala si kutoka kioo cha mbele.

Shida kubwa ni kingo za picha. M3 ya mwaka 1954 haikuwa na fremu (mistari ya kingo ndani ya dirisha) pana kuliko ya milimita 50. M2 ikaleta ya 35, na ya 28 ikangoja M4-P, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ya 21 haikuwekwa, kwa hiyo unachomeka dirisha la pili juu ya kamera: unapima umbali kwa moja, unapanga picha kwa jingine. La juu limekaa sentimita sita au saba juu ya lenzi. Ukiwa sentimita 70 kutoka kwa mtu, lenzi ya 21 inachukua upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 80. Sentimita saba katika themanini ni karibu sehemu moja ya kumi, na zinakatwa juu, kwenye kilemba cha mama anayechambua.

Mkono unataka kuinamisha kamera nyuma kidogo ili kichwa kirudi. Usiukubalie. Kwa lenzi pana hivyo, ukuta wa magunia utaonekana unaanguka. Panga picha, kisha inua kamera nzima wima sentimita saba, ili lenzi ikae pale dirisha lilipokuwa, halafu ubonyeze. Hapo hurudishi kingo tu, bali na mahali pa kutazamia. Hata fremu za ndani zinazojisogeza zenyewe kufuata fokasi husahihisha kingo, lakini jicho lako linabaki pembeni ya lenzi: kidole ulichokiona kikiwa wazi dhidi ya turubai kinaweza kutokea kimelala juu ya gunia.

Si kila kazi inadai ukaribu huu. Guy Tillim wa Afrika Kusini alipowapiga picha vijana wa wanamgambo wa Mai-Mai waliokuwa mafunzoni karibu na Beni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitengeneza picha za mtu mmoja mmoja, amejifunika majani na vijiti. Sura ya namna hiyo hupigwa kwa kurudi hatua moja. Mpakani penyewe mara nyingi huna hatua ya kurudi, na daraja la Lubiriha na ofisi zake usizielekezee kamera kabla hujapewa ruhusa.

Kwa depo ningechukua 28, fremu yake ikiwa ndani ya dirisha: kwa sentimita 70 inakupa sentimita 90 kwa 60, zinazotosha sinia na anayechambua. Mwenye miwani atapata taabu, maana fremu hiyo iko ukingoni kabisa na haoni pembe zote kwa mara moja. Kwa kabini ya lori, dereva akiwa bega kwa bega nawe, iache Leica kwenye mfuko. Nikon ya kioo, inayokuonyesha kupitia lenzi yenyewe, ikiwa na Nikkor ya 24 f/2.8 inafika sentimita 30, na usukani unaouona ndio utakaoupata kwenye filamu.