Usiisifu Meza kwa Kitambaa

Kuna meza ya pool huko Mbagala imevishwa kitambaa cha buluu na kufungwa taa za LED chini ya fremu, na sasa watu wanatoka hadi Tandika kuja kuipiga picha. Eti imekuwa mpya. Niliinama nikaitazama. Ukiupiga mpira kwa nguvu unaruka raba za ukingoni na kuangukia kwenye bia za watu. Fundi kalipwa vizuri na kanunuliwa na soda juu. Mimi nikaambiwa nina wivu.

Nianze na jiwe linalolala chini ya kitambaa, kwa kuwa halina mjadala mrefu. Pitisha mkono kwenye kimlango cha mipira, ugonge kwa kifundo cha kidole kutokea chini. Ubao unaitika, jiwe linanyamaza. Saa nane mchana jiwe bado lina ubaridi. Meza ya ubao haivuki masika ya Dar: unyevu unaivimbisha katikati, na mpira mweupe ukiuacha peke yake unajitafutia tundu. Palikuwa na tapeli Manzese aliyeuza meza "za jiwe" zilizokuwa ubao uliopakwa rangi ya kijivu, akazifungia vyuma chini ili wabebaji wazionee uzito. Aliyemuumbua ni mhudumu wa baa aliyemwaga ndoo ya maji, kesho yake meza ikaamka na kitambi.

Pima maji inakaa juu ya jiwe. Fundi anayeiweka juu ya fremu mrudishie nauli yake aende.

Kitambaa kiwe cha sufu, na manyoya yake yalale kutoka upande wa kuvunjia kwenda upande inakopangwa mipira. Papasa tu: ukienda nayo ni laini, ukirudi yanakukwaruza. Na kiwe cha kijani. Buluu ni ya watu wanaotaka kuonekana kwenye televisheni.

Sasa raba, ambayo mteja haitazami kamwe, na mafundi wa siku hizi wanajua kwamba haitazami. Chukua mpira wenye mstari. Ulaze mstari ukae sambamba na jiwe, kama mkanda kiunoni, kisha usogeze mpira mpaka uguse raba. Piga magoti, jicho lako liwe usawa wa meza. Pua ya raba inagusa wapi? Ikigusa katikati kabisa ya mstari au chini yake, raba iko chini mno: mpira utapanda na kuruka, kama ule wa Mbagala. Ikigusa karibu na ukingo wa juu wa mstari au kuuvuka, iko juu mno: mpira utakandamizwa kwenye jiwe, utafia palepale, na kitambaa kitachimbika mfereji kandokando ya raba. Mahali pake ni juu kidogo ya kiuno. Kanuni za kimataifa za meza za Kimarekani zinaitaka pua iwe kati ya asilimia 62.5 na 64.5 ya kimo cha mpira. Kwa mipira yetu ya inchi 2 hiyo ni kama milimita 32 kutoka kwenye jiwe. Milimita 2 zikipotea, meza imeharibika, na kitambaa kipya hakitaiponya.

Zinapoteaje? Fundi anabandika kitambaa kipya juu ya cha zamani, uso wa meza unapanda, raba inabaki ilipo. Au anakuta raba imekauka, anaikata na kuweka vipande vya kandambili. Usicheke, nimevibandua mwenyewe, vingine bado vina tundu la kamba. Mwingine alijaza tyubu ya gari iliyokunjwa mara tatu, na kwa wiki moja ilicheza vizuri kuliko raba halali, ndiyo maana akasifiwa mtaa mzima.

Mzee mmoja wa Mwananyamala, aliyenifundisha kazi hii, hakuwa anapima kwa rula. Alikuwa anapiga raba kwa ubapa wa kidole kuzunguka meza yote, akisikiliza, na penye gundi iliyoachia anatia alama ya chaki. Baadaye ukifungua unakuta uwazi palepale. Raba yenye afya ina sauti moja kutoka tundu hadi tundu. Mpira ukipigwa kwa nguvu uende na kurudi mara mbili, na safari ya tano uanze. Haya ya safari ya tano ni yake, sijayaona kwenye kitabu chochote, lakini ndiyo kipimo.

Zamani kipimo hicho kilikuwa na faida. Enzi za mashindano ya taifa ya Safari Lager, Kinondoni na Temeke zilipokuwa zinachuana, fundi aliitwa kabla ya mechi na wachezaji walikagua raba kabla ya kukagua fimbo. Kisha 2016 serikali ikawakemea vijana wanaoshinda kwenye pool asubuhi, na meza kadhaa nilizozihudumia zikasukumwa uani kwenye jua. Joto likaikausha raba ikawa ngumu kama kwato. Nyingi ya meza hizo ndizo leo zinavishwa buluu.

Kuhusu mtambo wa sarafu sina mengi. Sarafu ya jero ilipoingia mwaka 2014, waliokuwa na meza za mia mbili walitaka mdomo wa sarafu ubadilishwe. Fundi mwenye heshima alibadilisha kipande kizima, mwenye haraka alichukua tupa akapanua, na hadi leo meza hizo zinakubali washa za bati.

Kama wewe ndiye mwenye baa, mlipe fundi nusu. Nusu ya pili ikae mpaka afungue raba moja mbele yako, upande wowote utakaouchagua wewe, si yeye. Akisema gundi bado mbichi, mwambie utasubiri ikauke, uvute kiti ukae hapohapo.