Besi Inayonguruma: Kosa la Sabufa au la Sebule?

Malalamiko yalikuwa ya kawaida. Sabufa mpya, spika mbili ndogo, runinga ukutani, na kila ukipigwa wimbo wa dansi, besi inageuka mngurumo mmoja mzito unaommeza mwimbaji. Mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya sabufa kubwa zaidi. Bahati nzuri hakuinunua, maana ingezidisha ugonjwa uleule.

Sebule yenyewe iko ghorofani, Dar es Salaam. Urefu ni mita 4, upana mita 3, na kimo kutoka sakafuni hadi darini mita 3. Kuta ni za matofali ya saruji zilizopigwa lipu, dari ni zege, sakafu ni marumaru. Fundi wa sauti akitajiwa upana na kimo vinavyolingana hukunja uso, na ana haki. Katika joto la Dar sauti husafiri takribani mita 348 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inatoshana na nafasi kati ya kuta mbili ngumu hudunda huku na huko likijiongezea nguvu. Kwa mita 3, wimbi hilo ni la hezi 58. Upana unalipandisha, na kimo nacho kinalipandisha lilelile. Urefu una lake, karibu hezi 43. Gitaa la besi huanzia hezi 41, na moja ya noti zake za chini imekaa palepale kwenye 58. Mpigaji anahangaika na nyuzi zote, sebuleni inavuma noti moja.

Kulithibitisha hili hakuhitaji mashine ya gharama. Programu ya bure ya simu inayotoa mlio mmoja mmoja inatosha: anza hezi 30, panda polepole hadi 120. Ilipofika 58, glasi za kabatini zikaanza kutetemeka. Lakini ushahidi mtamu zaidi ulikuwa kochini. Aliyeketi katikati hakuona tatizo kubwa. Wa pembeni, bega likigusa ukuta, alitaka muziki uzimwe. Wote wawili walikuwa sahihi. Wimbi la upana lina shinikizo kubwa kabisa ukutani, na katikati ya chumba halina karibu chochote.

Tiba ilitoka hapohapo, kwa kuwa wimbi lisilosikika katikati haliwezi pia kuamshwa kutoka katikati. Sabufa ilikuwa imesukumiwa konani, mahali ambapo wengi wetu huiweka ili isizuie njia, na kona ndiyo huamsha mawimbi yote ya chumba kwa pamoja. Ikavutwa hadi katikati ya ukuta wa mita 3, chini ya runinga. Wimbi la upana likafa karibu lote. La kimo lilibaki, kwa sababu sabufa bado iko sakafuni, ila masikio ya mtu aliyekaa yako kama mita 1 juu, ambako shinikizo lake ni nusu ya lile la sakafuni. Kitufe cha besi, kilichokuwa kimezungushwa hadi mwisho, kikarudishwa kati. Mara ya kwanza wenyeji walisema besi imepungua. Ulipopigwa wimbo mwingine wakaanza kuzifuata noti za gitaa, na hoja hiyo haikurudi.

Nyaya zilikaguliwa haraka: nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, spika zote mbili. Ukitaka kuhakikisha, piga rekodi ya zamani ya mono. Sauti ya mwimbaji isiposimama katikati ya spika, huenda upande mmoja umegeuzwa.

Ukabaki mwangwi, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa, ingawa watu huuchanganya na ule wa kwanza. Piga kofi moja chumbani. Ukisikia mlio mkali unaobaki hewani, kuta zako ziko uchi. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilidumu sekunde zipatazo 5.5. Alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akipima sauti inavyofupika kadiri mito inavyoongezeka. Sebule yetu ilipewa zulia zito na mapazia mazito yenye mikunjo, maneno ya mwimbaji yakafunguka. Trei za mayai zinazobandikwa kwenye studio za mitaani ni mapambo tu: karatasi ile nyepesi hainyonyi cha maana, na besi haizioni kabisa. Hata zulia halina ubavu huo. Wimbi la hezi 58 lina urefu wa mita 6, na kitambaa cha sentimita 1 kwake si kitu.

Wimbi la hezi 43 halikuguswa. Dawa yake ilikuwa kusogeza kochi mita 1 mbele ya ukuta wa nyuma, na mama mwenye nyumba alikataa, kwani njia ya jikoni ingezibwa. Sikubishana naye. Sabufa kama hiyo haishuki huko kwa nguvu, na nyimbo nyingi hazina mengi ya kusema chini ya 50. Kwa dansi, taarabu na taarifa ya habari, sebule hiyo sasa iko sawa. Kwa filamu za mabomu bado itanguruma.