Jicho la Mchuuzi wa Mtandaoni

Katikati ya karne ya 19, wanawake wa Unguja walikuwa wakinunua leso zilizopigwa chapa, zikiuzwa kwa jora. Desturi ya muuzaji ilikuwa kukata leso moja moja. Wanawake hao wakataka zikatwe sita kwa pamoja, wakazigawa tatu tatu, kisha wakaziunga kwa sindano zikawa vazi moja pana la kujifunga. Vazi hilo halikuwapo dukani. Lilipatikana kwa anayejua kushona tu. Masimulizi ya asili ya khanga yanasema kwamba wafanyabiashara wa pwani waliuona mshono ule, wakaagiza kitambaa kizima kilichopigwa chapa kwa upana uleule. Mwaka 1887, Mombasa, Kaderdina Hajee Essak akaanza biashara ya khanga zilizokuja kujulikana kama Mali ya Abdulla, na alama hiyo ingali inafahamika kwa wavaaji wa Afrika Mashariki.

Ujuzi wa wafanyabiashara wale ndio unaohitajika leo kwa anayefungua duka la mtandaoni: kuchagua bidhaa ambayo watu tayari wanaihangaikia huku wauzaji wengine wakiwa hawajaiona. Wengi huueleza ujuzi huu kuwa ni mbinu ya kukwepa washindani. Maelezo hayo yanaupunja. Aliyebobea katika kazi hii hutumia muda mchache sana kuwatazama wauzaji wenzake. Macho yake yako kwa mnunuzi, hasa kwa yule anayejishonea mwenyewe kitu ambacho angependa kukinunua. Akishamwona huyo, uchache wa washindani huja wenyewe.

Pengine hakuna mahali panapoonyesha thamani ya jicho hilo zaidi kuliko kurasa za mauzo za Dar es Salaam na Nairobi. Kava za simu, wigi, spika ndogo, vyombo vya jikoni: bidhaa ni zilezile, na mara nyingi hata picha ni ileile, kwa sababu imetoka kwa mwenye mzigo. Mmoja amechukua Kariakoo, mwingine ameagiza moja kwa moja Guangzhou au Yiwu huko China, lakini chanzo ni kimoja. Mteja anapoiona picha hiyo mara ya nne, kilichobaki cha kulinganisha ni bei. Muuzaji anashusha elfu mbili, jirani yake anashusha elfu tatu. Matangazo nayo yanapanda, kwa kuwa nafasi za matangazo kwenye Google na Instagram hugawiwa kwa mnada: wanaowania macho ya mteja yuleyule wakiongezeka, kila mmoja hulipa zaidi. Kazi ni ya kutwa, faida inaliwa na punguzo na tangazo.

Richard Sears aliikwepa hali hiyo mwaka 1886 kwa kuuza saa. Alikuwa wakala wa stesheni ya reli huko North Redwood, kijiji cha jimbo la Minnesota, Marekani. Shehena ya saa ikafika, sonara aliyetumiwa akaikataa. Katika mji ule mdogo kukataa kwake kulikuwa na maana; wanunuzi wa saa walikuwa wachache. Sears akawafikiria watu wengine kabisa: mawakala wenzake waliotapakaa kando ya njia ya reli. Tarehe 18 Novemba 1883 mashirika ya reli ya Marekani na Kanada yalikuwa yameacha saa za kila mji na kuanza kutumia majira ya pamoja. Mtu wa reli, na kila aliyesafiri au kusafirisha mzigo kwa reli, sasa alihitaji saa ya kuaminika. Sears alizichukua, akawauzia mawakala hao, nao wakaziuza kwa watu wa vijijini kwao. Kutokana na shehena ile iliyokataliwa ikaanza biashara ambayo baadaye iliitwa Sears, Roebuck, na orodha zake za bidhaa zikafika kwa posta hadi mashamba ya mbali.

Saa haikuwa bidhaa mpya. Kilichokuwa kipya ni njia ya kuifikisha kwa watu ambao sonara hakuwahi kuwahesabu.

Leo wateja wa aina hiyo huacha alama za maandishi, na mchuuzi stadi husoma alama hizo kama mshonaji anavyompima mtu kwa macho kabla ya kushika futi. Alama ya kwanza ni maneno wanayoandika wanapotafuta. Anayeandika “sandali” anatazamatazama. Anayeandika “sandali za ngozi za wanaume, mguu mpana, namba 46” ameshaamua kununua, anachotafuta ni mwenye nazo. Wa pili ni wachache kuliko wa kwanza, lakini wauzaji waliojipanga kuwajibu ni wachache zaidi. Google Trends, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2006 na isiyotozwa ada, inaonyesha kama neno linatafutwa mwaka mzima au linapanda Ramadhani na Krismasi pekee, na katika nchi gani. Amazon nayo huweka wazi nafasi ya bidhaa katika mauzo ya kundi lake. Bidhaa iliyo juu katika nafasi hiyo ilhali ina maoni machache ya wateja inastahili kuangaliwa mara mbili: inanunuliwa, na bado hakuna aliyejijengea ngome.

Kisha kuna maoni yenyewe. Nyota tano mara nyingi ni shukrani, nyota moja mara nyingi ni hasira za mzigo uliochelewa. Utajiri uko kwenye nyota tatu. Hapo huandika mtu aliyeipenda bidhaa akakuta inampungukia: mpini mfupi, mfuniko hauzibi, rangi inachuja baada ya kufua mara mbili, mkoba mzuri lakini hauna mfuko wa ndani. Kila sentensi ya namna hiyo ni maelekezo ya bidhaa inayofuata. Katika kurasa za huku kwetu maelekezo hayo huja kwa umbo la maswali chini ya picha. Mna namba 45? Ya mtoto ipo? Mnatuma Mbeya? Muuzaji wa kawaida hujibu “hatuna” akaendelea. Mwenye jicho huandika daftarini, na swali lililoulizwa na watu kumi wasiojuana analichukulia kuwa agizo.

Ugumu halisi wa ufundi huu unaanza pale nafasi inapoonekana, kwa kuwa rafu tupu ina sababu mbili zinazofanana kwa sura. Huenda hakuna aliyeliona hitaji; huenda waliliona, wakapiga hesabu, wakaondoka. Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Waswahili waliotawanyika Muscat, London au Toronto ni wengi, na maduka ya vyombo ya huko hayaiweki. Anayefikiri haraka atasema nafasi ndiyo hii. Anayeijua kazi ataanza kwa boksi. Kampuni za usafirishaji wa vifurushi kwa ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kutegemea kipi kimezidi, na hesabu ya ukubwa iliyozoeleka ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Mbuzi iliyokunjwa ikiwekwa katika boksi la sentimita 50 kwa 20 kwa 15, jibu ni kilo 3, hata kama mbao na chuma chake havifiki kilo mbili. Chuma chenye meno lazima kifungwe kisitoboe boksi wala kumkata atakayelifungua. Halafu kuna ushuru wa forodha upande wa pili.

Hesabu ya boksi ikiisha, linabaki swali gumu kuliko yote: mshindani wa mbuzi ni nani? Mbuzi nyingine haipo, kweli. Lakini kopo la tui lipo katika kila duka kubwa la miji hiyo, na nazi iliyokunwa na kugandishwa hupatikana kwenye maduka ya Wahindi na Wathai. Mpishi mwenye haraka ameshahudumiwa, na kwa bei ndogo. Kwa hiyo mchuuzi anarudi kwa mtu. Ni nani ambaye kopo halimtoshi? Labda ni mama anayeamini kwamba samaki wa kupaka hawi samaki wa kupaka bila tui la kwanza lililokamuliwa papo hapo. Labda ni kijana aliyezaliwa Ulaya anayetaka kumpa bibi yake zawadi ya Idd yenye harufu ya nyumbani, na kwa huyo mbuzi iliyochongwa vizuri, kwa mti mzuri, inaweza kubeba bei ambayo chombo cha jikoni kisingeibeba. Bidhaa ni ileile, ila sasa ina mnunuzi mwingine na mafundi wengine, na hesabu ya kilo 3 inaanza kulipika. Mawazo ya namna hii ndiyo kazi yenyewe. Hayafanywi na programu. Yanahitaji mtu anayejua tui ni nini na linapikiwa nani.

Walioipuuza hesabu ya uzito walilipia. Pets.com ya Marekani iliuza chakula cha mbwa na paka mtandaoni, mifuko mizito yenye faida ndogo, mara nyingi kwa bei iliyo chini ya gharama, huku wenzake kadhaa wakifanya hivyohivyo. Iliuza hisa zake kwa umma Februari 2000. Novemba ya mwaka huohuo ilifunga.

Nick Swinmurn alikuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 1999, alipotaka kuuza viatu mtandaoni na watu kumwambia kwamba hakuna atakayenunua kiatu bila kukivaa, alionyesha kwamba sehemu ya viatu vya Marekani ilikuwa tayari inauzwa kwa orodha za posta. Watu walikuwa wananunua bila kuvaa kwa miaka mingi. Hakuanza na stoo. Alipiga picha viatu vya maduka ya jirani, akaziweka mtandaoni, na oda ilipoingia alikwenda kununua jozi ile dukani kwa bei kamili akamtumia mteja. Kwa kila jozi hakupata faida ya maana. Alichopata ni jibu la uhakika kabla ya kutia mtaji, na duka hilo likawa Zappos.

Jeff Bezos naye alipoanzisha Amazon mwaka 1994 aliorodhesha aina zipatazo 20 za bidhaa, akachagua vitabu. Alieleza sababu waziwazi: kulikuwa na vitabu tofauti milioni 3 hivi vilivyokuwa vikiuzwa duniani, wingi ambao hakuna jengo la duka lililoweza kuuweka rafuni. Maduka makubwa yalishindana kwa vitabu vinavyovuma. Hakuna aliyeweza kushindana kwa vile vinavyotafutwa na mtu mmoja katika mji mzima. Kitabu cha kwanza Amazon kumuuzia mtu wa nje ya kampuni, mwaka 1995, kilikuwa cha Douglas Hofstadter kuhusu namna akili inavyounda dhana na milinganisho, kitabu ambacho muuzaji wa mtaani asingethubutu kukiagiza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na dukani ni kweli mradi kizuri hicho kipate rafu. Mtandao umewapa rafu wasomaji wa Hofstadter, wavaaji wa namba 46, na mafundi cherehani wanaotafuta mkanda wa ngozi wa mashine ya kukanyaga iliyorithiwa kwa baba.

Tobias Lütke alikuwa mmoja wa wauzaji wanaowalenga watu wachache. Mjerumani huyu aliyehamia Ottawa, Kanada, alifungua duka la mtandaoni la mbao za kutelezea kwenye theluji mwaka 2004, akaliita Snowdevil. Programu za kuendeshea duka zilizokuwapo hazikumridhisha, na kwa kuwa alikuwa mwandishi wa programu, aliandika yake. Mbao ziliuzika. Lakini wafanyabiashara wengine wadogo walianza kumuuliza kuhusu duka lenyewe: limetengenezwaje, nao wanaweza kulitumia? Lütke aliyasikia maswali hayo kwa uzito uleule ambao mchuuzi mzuri husikia nao “mna namba 45?” Yeye mwenyewe alikuwa amejishonea kitu ambacho hakikuwa dukani, na sasa wengine walikuwa wakimwomba kipande chake. Mwaka 2006 aliitoa programu ile kwa umma kwa jina la Shopify. Wauzaji katika nchi zaidi ya 170 wamefungua maduka kwayo, na wapo kati yao wanaouza kitu kimoja tu, kwa watu ambao hawajawahi kukutana na hawaishi mji mmoja.