Neno "Mkunjo" na Mzigo Usio Wake

Miongoni mwa maneno yanayotumika pasipo uangalifu katika tafsiri za sayansi ni neno "mkunjo". Neno lenyewe halina ubaya: nguo hukunjwa, jamvi hukunjwa, hata uso hukunjwa. Ubaya huanza pale mfasiri anapolibebesha dhana kadhaa zinazotofautiana. Taaluma inayoudhihirisha ubaya huo ni fizikia ya waya unaoshindiliwa katika nafasi finyu.

Waya mrefu ukisukumwa kidogo kidogo ndani ya chombo bapa, hupinda na kufanya vitanzi. Vitanzi hugusana, na mwishowe waya hukataa kuingia ingawa sehemu kubwa ya nafasi ingali tupu. Watafiti wa Brazil walichapisha uchunguzi wa namna hiyo mwaka 2002. Mwaka 2008 wenzao wa Zürich walionyesha kuwa umbo la mwisho hutegemea msuguano pamoja na tabia ya waya wenyewe, yaani kama hurudia unyofu wake au hubaki umepindika.

Hapo ndipo "mkunjo" unaposhindwa. Mswahili husema upinde hupindwa, hasemi hukunjwa, kwa kuwa ukiachiliwa hurudi. Kamba husokotwa. Nyuzi hutatana. Karatasi iliyofumbatwa kiganjani hukunjamana. Basi mfasiri anayeandika "waya ulikunjika" kila mahali amelifuta swali lenyewe ambalo utafiti ulikusudia kulijibu.

Huenda mwalimu akasema kuwa muktadha utamwongoza msomaji. Hatukubali. Muktadha humsaidia yule alijuaye jambo. Mwanafunzi hana ila neno aliloandikiwa. Tena madhara hayaishii darasani. Madaktari huingiza waya laini wa platini katika kifuko kilichovimba kwenye mshipa wa damu wa ubongo, ujizonge humo kwa vitanzi na damu igande. Maelezo yakisema waya "ukunjwe", msomaji ataelewa kuwa unatakiwa kutiwa kona, jambo ambalo ni kuuharibu.

Kwa hiyo tunapendekeza: "kupinda" kwa badiliko linaloweza kurudi, "kukunja" kwa lile linaloacha kona, "kusokota" kwa kuuzungusha waya juu ya mhimili wake, na "kukunjamana" kwa hali ya waya mzima uliosongamana. Kitendo cha kuuingiza kiitwe "kushindilia", wala si "kujaza", kwa kuwa kani inahitajika. Kirusi phi29, kinachoshambulia bakteria, hushindilia DNA yenye urefu wa mikromita 6.6 ndani ya ganda lenye urefu wa nanomita 54 tu. Hakuna ajazaye hivyo pasipo kusukuma.

Maneno haya yote yamo vinywani mwa watu. Hatukuazima hata moja. Tunawaomba wafasiri na walimu wayatumie kwa mipaka hiyo, na mwenye pingamizi atuletee hoja yake pamoja na mifano.